Pangaboi la wazi, Fenestron au NOTAR: ulinganisho kwa anayekodi helikopta Tanga

Anayekodi helikopta mkoani Tanga, awe mwenye hoteli wa Pangani anayewatafutia wageni usafiri, kamati ya kampeni inayotaka kushuka kwenye viwanja vya Tangamano, au ukoo uliochangishana ili mgonjwa wao atolewe Lushoto na kufikishwa Dar es Salaam kabla ya magharibi, kwa kawaida huuliza mambo mawili: bei ya saa moja na idadi ya viti. Habari za mkia huachiwa rubani, kana kwamba ni mambo ya karakana yasiyomhusu mwenye kulipa. Yanamhusu. Katika helikopta ya kawaida mkia ndio unaouzuia mwili wa chombo usizunguke ovyo, na aina ya mkia huamua ni kiasi gani cha usalama kimetiwa kiwandani na ni kiasi gani kimebaki kwenye miguu ya rubani. Hapa zinalinganishwa aina tatu ambazo mteja anaweza kutajiwa, yaani pangaboi la wazi, Fenestron iliyozamishwa ndani ya pezi, na NOTAR isiyo na pangaboi la mkia, kisha linaguswa swali linalozuka kila baada ya ajali ya mkia, la kama kosa ni la aliyesanifu chombo au la aliyekirusha. Jibu lake lina faida kubwa zaidi kabla ya mkataba kusainiwa.

Injini inapolizungusha pangaboi kuu kuelekea upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka kuelekea upande wa pili. Kinachouzuia ni pangaboi dogo la mkiani, ambalo husukuma mkia pembeni kwa nguvu inayotosha kuufuta msokoto huo. Rubani huliamuru kwa pedeli mbili: akikanyaga moja, mapanga ya mkiani huongeza pembe na kusukuma zaidi, akikanyaga ya pili, hupunguza. Kila anapovuta nguvu ya kunyanyua chombo, msokoto huongezeka, na mguu hauna budi kuufuata. Aliyepata kukaa kiti cha mbele wakati helikopta inanyanyuka ameona kwamba miguu ya rubani haitulii. Inacheza kwa vipimo vidogo vidogo kama ya fundi cherehani anayeshona ukosi, wakati macho yake yako mbali kabisa na pedeli.

Upande wa kuzunguka nao ni jambo la kujua. Katika Bell na Robinson za Marekani, pangaboi kuu likitazamwa kutoka juu huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo mkia ukishindwa pua hukimbilia kulia, na mguu wa kuokoa ni wa kushoto. Katika AS350, ambayo siku hizi huitwa H125, na katika EC120 na EC130, zote za asili ya Ufaransa, mambo yamegeuzwa: pua hukimbilia kushoto na mguu wa kuokoa ni wa kulia. Rubani aliyejifunza kwa Robinson R44 kisha akahamia AS350 lazima mguu wake ujifunze upya, na ndiyo maana swali la saa ngapi amerusha aina hii hasa ya chombo lina uzito kuliko swali la saa ngapi amerusha kwa jumla.

Udhibiti wa mkia unaweza kupotea kwa njia tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu mabishano mengi. Ya kwanza ni kukatika kwa nguvu: shafti ndefu inayopita ndani ya mkia ikivunjika, giaboksi ya mwisho ikikwama, au panga likigonga kitu, pangaboi la mkia halisukumi tena. Ya pili ni kukatika kwa amri: pangaboi linazunguka kama kawaida, lakini pedeli haziitawali tena pembe ya mapanga, ama kwa sababu viungo vya katikati vimeachana, ama kwa sababu msaada wa haidroliki, yaani shinikizo la mafuta linalomsaidia rubani kusukuma, umekosekana na pedeli zimekuwa nzito kuliko nguvu za mguu. Ya tatu humshangaza asiye mwanaanga, kwa kuwa chombo ni kizima kabisa. Ila hewa inayolifikia pangaboi la mkia imevurugika, au msokoto umezidi kile ambacho rubani amekijibu kwa mguu, na pua inaanza kwenda yenyewe.

Tiba zake hazifanani. Nguvu ya mkia ikikatika chombo kikiwa kimesimama hewani karibu na ardhi, rubani huondoa nguvu ya injini mara moja ili msokoto uondoke, kisha hukilaza chini kwa kasi iliyobaki kwenye pangaboi kuu. Ikikatika chombo kikiwa mwendoni, mwendo wenyewe humsaidia, kwa sababu pezi la wima la mkiani hushika upepo na kuunyoosha mkia. Kazi inayobaki ni kutafuta uwanja mrefu na ulio wazi. Pedeli zikikwama, mara nyingi njia salama ni kutua kwa kuteleza kwenye njia ndefu kama afanyavyo rubani wa ndege ya kawaida. Katika njia ya tatu, rubani hukanyaga pedeli ya kuokoa hadi mwisho na kuishikilia hapo, husukuma fimbo ya usukani mbele ili apate mwendo, na hupunguza nguvu ya kunyanyua ikiwa urefu unaruhusu. Ana sekunde chache za kutambua ni ipi kati ya hizo tatu, na wakati huo dunia nje ya kioo tayari inazunguka.

Pangaboi la wazi ndilo la zamani na ndilo lililoenea: R44, Bell 206, Bell 407 na H125 zote zinalo. Sifa yake kubwa ni wepesi na uchache wa gharama. Kwa kila kipimo cha nguvu ya injini kinachopelekwa mkiani, pangaboi pana lililo wazi husukuma hewa vizuri chombo kikiwa kimesimama, na nguvu iliyookolewa hubaki kwa ajili ya kunyanyua mzigo. Mafundi wanalifahamu na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi kuliko vya aina nyingine. AS350 kwa namna ya pekee imezoeleka Afrika Mashariki, kuanzia mbugani hadi kwenye kampeni, na mazoea hayo ni usalama wa aina yake, kwa sababu fundi aliyeifungua mashine hiyohiyo mara nyingi huiona dalili ya ubovu kabla haijawa ajali.

Kasoro yake ya kwanza inaonekana kwa macho, au tuseme haionekani, kwa sababu panga likizunguka kwa kasi macho hayalioni. Linapita kwenye kimo cha mwili wa mtu. Tangamano siku ya mkutano, chopa ikishuka, vumbi huruka na watoto hukimbilia lilipo vumbi. Mwenye kamati anayedhani walinzi wanne wanatosha kuuzuia umati huo hajapata kuwa mlinzi. Hatari hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu afikirie aina ya pili.

Kasoro ya pili ni upepo. Mwaka 1995 Mamlaka ya Anga ya Marekani, FAA, ilitoa waraka kuhusu kugeuka kwa pua kusikotarajiwa, na maelezo yake ya pande za upepo bado yanafundishwa. Kwa helikopta za mzunguko wa Kimarekani, upepo unaotoka mbele kushoto, kati ya nyuzi 285 na 315 zikihesabiwa kutoka puani kufuata mshale wa saa, hupeleka visulisuli vya pangaboi kuu moja kwa moja kwenye pangaboi la mkia. Upepo wa kushoto, kati ya nyuzi 210 na 330, unaweza kulifanya pangaboi la mkia lizungukwe na hewa liliyoitupa lenyewe na kupoteza uthabiti wa msukumo. Upepo wa nyuma, kati ya nyuzi 120 na 240, huukamata mkia na kutaka kukigeuza chombo kizima kiutazame upepo. Haya yote hutokea mwendo ukiwa mdogo, chini ya noti 30 hivi, yaani kama kilometa 55 kwa saa, na huwa mabaya zaidi chombo kikiwa kizito na nguvu iliyovutwa ikiwa kubwa. Waraka huo unasema wazi kwamba jambo hili halitokani na ubovu wa matengenezo.

Sasa tazama kazi ambayo mteja wa pwani hii huiagiza. Mpiga picha anataka ngalawa zikitoka mdomo wa mto Pangani alasiri, kusi linavuma, rubani anapunguza mwendo ili kamera itulie, anageuza upepo uje nyuma yake kwa sababu mwanga uko upande huo, na abiria wote wako ndani pamoja na mizigo yao. Masharti yote ya waraka yametimia katika sentensi moja, na aliyeyaagiza ni mteja.

Fenestron ni pangaboi la mkia lililozamishwa ndani ya pezi, likazungukwa na ukuta. Lilirushwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 katika helikopta ya Kifaransa iliyokuja kuitwa Gazelle, na leo linaonekana katika EC120, EC130, H135, H145 na H160. Badala ya mapanga mawili marefu kuna mengi mafupi; katika H135 ni kumi, yaliyopangwa kwa nafasi zisizolingana ili sauti isirundikane katika mlio mmoja mkali. Mtu hawezi kuingia ndani yake kwa bahati mbaya kama anavyoweza kulikanyagia pangaboi la wazi, na tawi la mkorosho haliligusi kirahisi. Kwenye mwendo wa safari pezi kubwa lenyewe hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuunyoosha mkia, hata feni ikiharibika rubani anakuwa na nafasi nzuri ya kukifikisha chombo kwenye njia ya kutulia.

Gharama ya ulinzi huo hulipwa chombo kinaposimama hewani. Feni ndogo huhitaji nguvu zaidi ya injini kutoa msukumo uleule, na ukuta wake ni uzito. Halafu kuna tabia ya pedeli, ambayo marubani wamebishana juu yake kwa miaka mingi. Chombo kikiwa mwendoni, pezi linafanya kazi na mguu unapumzika. Mwendo unapokwisha, pezi linaacha kazi na feni lazima ichukue yote, kwa hiyo mguu unatakiwa kusafiri mbali kuliko ambavyo rubani wa pangaboi la wazi amezoea. Akikanyaga kwa kipimo cha mazoea yake ya zamani, pua inaendelea kugeuka naye anaapa kwamba feni imekufa. Mtengenezaji wa helikopta hizo alieleza katika barua kwa marubani mwaka 2005, na akarudia kwa mapana zaidi mwaka 2019, kwamba feni au pangaboi linakuwa bado linasukuma na kwamba dawa ni kukanyaga pedeli yote mapema bila kuiachia. Kiufundi maelezo hayo yana nguvu. Hata hivyo ni vigumu kutotambua kwamba ni maelezo yanayompendeza mtengenezaji: chombo kinachomtaka binadamu aliyeshtuka afanye jambo kubwa kuliko mazoea yake kina sehemu ya lawama, hata kama kila kipimo cha maabara kinakitetea.

NOTAR, ya tatu, haina pangaboi la mkia hata kidogo. Feni iliyo ndani ya shina la mkia hujaza hewa ya shinikizo dogo, hewa hiyo hutoka kwenye mianya mirefu ya pembeni, na upepo unaoshuka kutoka pangaboi kuu huambatana na mkia na kuusukuma upande, kwa tabia ya hewa inayoitwa kwa jina la Henri Coandă wa Romania. Mwishoni mwa mkia kuna tundu linalozungushwa kwa pedeli, ambalo humalizia kazi. Chombo cha majaribio kiliruka mwaka 1981, na helikopta ya MD 520N ikapata cheti cha kuruhusiwa kuruka mwaka 1991. Kina sauti ndogo, na nyuma yake hakuna cha kumkata mtu. Lakini ni vichache vilivyotengenezwa, na kwa mteja wa Tanga swali la nani atakifungua na kipuri kitatoka wapi linamaliza mazungumzo mapema. Kadhalika helikopta za Kamov za Urusi zenye mapangaboi mawili makuu yanayopishana juu ya mhimili mmoja. Hazina kabisa tatizo la pangaboi la mkia, nazo si rahisi kutajiwa na wakala yeyote wa hapa.

Kwa hiyo uchaguzi halisi ni kati ya pangaboi la wazi na Fenestron, na kabla ya kuuamua inafaa kuona jinsi wachunguzi walivyogawa wajibu katika ajali tatu ambazo taarifa zake zimekamilika. Kanuni ya kimataifa, Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, inasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Lakini sababu zikishaandikwa, msomaji hugawa mwenyewe.

Tarehe 4 Oktoba 2011, Bell 206 iliyokuwa na watu watano iliondoka kwenye kituo cha ukingo wa East River, New York, ikazunguka na kuanguka majini. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilisema rubani alishindwa kutarajia na kurekebisha hali zinazosababisha mkia kupoteza nguvu, yaani uzito mkubwa na mwendo mdogo, na ikaongeza kwamba maandalizi hafifu yalifanya chombo kizidi uzito unaoruhusiwa wakati wa kuondoka. Hapa mizani imelalia kwa rubani, na sijaona sababu ya kuisukuma upande mwingine. Karatasi ya uzito hujazwa kabla injini haijawashwa.

Ajali ya Leicester, Uingereza, ya tarehe 27 Oktoba 2018 iko upande wa pili kabisa. Helikopta aina ya AW169 ilinyanyuka kutoka katikati ya uwanja wa soka, ikafika urefu wa kama meta 130, kisha ikaanza kuzunguka kulia bila kuzuilika. Watu wote watano walikufa, akiwemo mmiliki wa klabu ya Leicester City, Vichai Srivaddhanaprabha. Taarifa ya mwisho ya AAIB, kitengo cha Uingereza cha kuchunguza ajali za ndege, ilitoka Septemba 2023, na inastahili kusomwa polepole na yeyote anayesema kwamba rubani hodari hutoka katika hali yoyote. Kati ya shafti ya mkia inayozunguka na fito ya amri isiyotakiwa kuzunguka kulikuwa na beringi. Beringi hiyo iliharibika kidogokidogo ndani, grisi ikapoteza uwezo wake, hadi ikakwama. Ilipokwama, fito ya amri ikaanza kuzunguka pamoja na shafti, nati iliyoishika ikajifungua na kiungo kikaachana. Tangu hapo pedeli hazikuunganishwa na chochote. Kibaya zaidi, mtambo wa haidroliki ulipoteza habari ya mahali fito ilipo, ukaendelea kusukuma hadi mapanga yakafika mwisho wa pembe yake, na chombo kikalazimishwa kuzunguka.

Wachunguzi waliona kwamba rubani alifanya yaliyofaa: alipunguza nguvu, na karibu na ardhi akavuta ili kulainisha kishindo, lakini hakukuwa na cha kuokoa. Hata hivyo mtengenezaji naye alikuwa ametimiza masharti yote ya cheti. Mizigo halisi iliyopimwa katika majaribio ya kuruka haikurudishwa kwa aliyeitengeneza beringi ili aihakiki kazi yake, wala hakukuwa na takwa la kuzifungua na kuzichunguza beringi zilizotolewa kazini, kwa sababu kanuni hazikudai hivyo. Mapendekezo yakaelekezwa kwenye kanuni. Mgao wa sehemu mbili, usanifu au rubani, unashindwa kuibeba ajali kama hii; aliyesanifu alifuata kanuni, aliyerusha alifuata mafunzo, na pengo lilikuwa katika kile ambacho hakuna aliyelazimishwa kukiuliza.

Ya tatu ndiyo inayomfaa zaidi mteja wetu, kwa kuwa inahusu ndugu wa mashine anayoweza kuletewa. Tarehe 3 Julai 2015, AS350 B3e ya huduma ya wagonjwa ilinyanyuka kutoka hospitali moja ya Frisco, Colorado, ikazunguka kushoto mara kadhaa na kuanguka kwenye maegesho ya magari. Rubani alikufa na wauguzi wawili waliumia vibaya. Chombo hicho kilikuwa na haidroliki mbili, na ukaguzi wa kabla ya safari ulimtaka rubani aizime kwa swichi haidroliki ya pedeli, amalize shinikizo la akiba kwa kuzikanyaga, kisha airudishe swichi mahali pake. Haikurudishwa. Hakukuwa na onyo lolote lililo wazi la kumwambia kwamba shinikizo halijarudi, naye akanyanyuka na pedeli nzito ambazo mguu haukuziweza.

Ni rahisi kusema rubani alisahau, na kweli alisahau. Lakini NTSB ilipoandika sababu, ilianza na utaratibu wa ukaguzi wa mtengenezaji na ukosefu wa onyo. Kusahau kwa rubani kulitajwa kama jambo ambalo onyo lingeweza kulikamata. Baadaye utaratibu huo ulibadilishwa na taa ya onyo ikaongezwa. Nadhani mpangilio huo wa sababu ni wa haki. Mtu anayefanya ukaguzi uleule kila siku ipo siku ataruka hatua moja, na msanifu anajua hivyo tangu akiwa mezani; akiweka swichi inayoua bila taa, amemwachia rubani mzigo ambao ungebebwa na balbu. Pamoja na hayo, rubani anayegusa pedeli kwa makini chombo kikiwa bado kimeegemea ardhi angeuhisi uzito huo kabla ya kunyanyuka, kwa hiyo sehemu yake haifutiki.

Hali ya Tanga huongeza mambo matatu juu ya haya. Kusi, kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, huvuma kutoka kusini na kusini mashariki, na alasiri huungana na upepo wa baharini. Kanuni za cheti hudai helikopta idhibitike ikiwa imesimama kwenye upepo wa noti 17, yaani kama kilometa 31 kwa saa, kutoka upande wowote; alasiri ya Julai ufukweni Raskazone inaweza kukipita kipimo hicho bila kuonekana kama dhoruba. Jambo la pili ni joto na urefu. Lushoto iko takribani meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na pangaboi la mkia hupoteza nguvu wakati uleule pangaboi kuu linapodai zaidi. Bonde lenyewe huupinda upepo kwa namna ambayo aliye chini uwanjani haioni.

La tatu ni uzito, ambalo kwa mteja ndilo rahisi kulipima. R44 Raven II inaruhusiwa kuondoka na kilo 1,134. Yenyewe tupu ni takribani 683. Ikijazwa mafuta kwenye matangi yote mawili, kilo 127 hivi zinaondoka. Zinabaki kama 324 kwa watu wanne, rubani akiwa mmoja wao, sawa na kilo 81 kwa kila mmoja pamoja na begi, simu na zawadi za ndizi kutoka Lushoto. Wazee wanne wa kamati wenye miili ya heshima wameshapita hapo. Rubani mwenye kujua kazi atasema, «Shikamoo mzee, naomba mmoja wenu apande gari, au tupunguze mafuta tukatue Korogwe,» na mzee atamjibu, «Mwanangu, viti si vinne?» Jibu la rubani kwa swali hilo linamweleza mteja kuhusu usalama wake kuliko brosha yoyote. Anayenyamaza na kuwapakia wote wanne anafanya kilekile kilichoandikwa New York.

Basi kwa kushuka penye umati, kama Tangamano au uwanja wa shule, ningechukua Fenestron, EC130 ikipatikana, na ningelipa tofauti ya bei bila kunung'unika, kwa sharti kwamba rubani ana saa za kutosha katika aina hiyo na hakuletwa jana kutoka kwenye R44. Kwa safari za Pangani na Saadani, ambako kuna maeneo mapana ya kutua na abiria ni wachache, pangaboi la wazi linatosha kabisa, na ningelipendelea H125 kuliko R44 kwa sababu ya akiba ya nguvu, huku nikiuliza kama ni toleo lenye haidroliki mbili na kama mabadiliko yaliyofuata ajali ya Frisco yamefanyika na kuandikwa kwenye kitabu cha matengenezo. Mwendeshaji asiyejua swali hilo linahusu nini hafai kupewa mkataba, hata awe na cheti halali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ukutani.

Mkataba wenyewe uandikwe kwamba rubani ana haki ya kukataa mzunguko wa polepole juu ya umati, kugeuka kwa ajili ya picha, au abiria wa ziada, na kwamba mteja atalipa saa iliyokwisha tumika bila ubishi. Kifungu hicho huhamisha shinikizo kutoka miguuni mwa rubani. Wateja wengi hawakipendi, kwa sababu wanadhani wanalipia utii.

Kwa mgonjwa wa Lushoto, iombwe H125 au chombo cha injini mbili kama H135, safari ifanywe asubuhi kabla upepo haujaamka mabondeni, na mafuta yapimwe kwa njia ya kwenda hadi mahali pa kujazia tena, si kwa kujaza tangi. Muuguzi mmoja apande; ndugu watangulie kwa basi. Ikiwa iliyopo ni R44 peke yake na saa imefika nane mchana, gari la wagonjwa lishuke naye hadi Mombo kwenye barabara kuu, na helikopta imchukulie huko bondeni.